Jinsi ya Kuanza Tiba ya Homoni Wakati wa Kukoma Hedhi

Mwanamke wa miaka 48 anayeamka usiku wa manane akiwa ameloa jasho, kanga imemganda mgongoni, mara nyingi hupimwa malaria kwanza, kisha presha, kisha sukari, na majibu yakiwa mazuri huambiwa akapumzike. Vipimo hivyo si vibaya, bali kinachosahaulika ni kumuuliza habari za hedhi yake. Kukoma hedhi huhesabiwa kuwa kumetimia baada ya miezi 12 bila damu, na kwa wanawake wengi hutokea kati ya miaka 45 na 55, lakini joto la ghafla, kukosa usingizi na ukavu wa uke huweza kuanza miaka kadhaa kabla ya hapo, pale ovari zinapoanza kupunguza homoni ya estrojeni. Aliyevuka miaka 45 kwa kawaida hahitaji kupimwa homoni kwenye damu, kwa kuwa umri na dalili zake vinatosha. Aliyekoma kabla ya miaka 40 ni lazima achunguzwe, na kwake tiba ya homoni, yaani kurudishiwa estrojeni iliyopungua, ina uzito zaidi, kwa sababu mifupa na moyo hukosa kinga ya estrojeni mapema mno.

Kabla ya kwenda kwa daktari, chukua daftari uandike kwa wiki mbili au tatu. Mstari mmoja kwa kila tukio unatosha: «Jumanne, saa nane usiku, joto kali, nimebadili nguo.» Andika pia tarehe ya hedhi ya mwisho, kama umewahi kutolewa kizazi, kama kuna saratani ya matiti katika ukoo, kama damu imewahi kukuganda mguuni au kwenye mapafu, na dawa zote unazotumia. Hili la dawa lisipuuzwe: rifampisini ya kifua kikuu, efavirenzi ya VVU na baadhi ya dawa za kifafa hulifanya ini livunje homoni upesi, na tiba ikakosa nguvu.

Kliniki, hakikisha umepimwa presha na uzito, na uulize kuhusu uchunguzi wa matiti na wa mlango wa kizazi unaostahili kwa umri wako. Kwa kawaida tiba hii haitolewi kwa mwenye saratani ya matiti au aliyewahi kuugua, mwenye ugonjwa mkali wa ini, aliyepata kiharusi au mshtuko wa moyo, wala kwa anayetokwa na damu ukeni ambayo chanzo chake hakijajulikana. Damu ya namna hiyo huchunguzwa kwanza.

Wengi huiogopa tiba hii kwa sababu ya utafiti wake mkubwa wa Marekani uliosimamishwa mwaka 2002. Hofu hiyo ninaielewa, lakini ni haki mwanamke aelezwe yote. Wastani wa umri wa waliojiunga na utafiti ule ulikuwa miaka 63, yaani wengi walikuwa wamekoma hedhi zamani. Saratani ya matiti iliongezeka kwa wanawake 8 hivi katika kila 10,000 kwa mwaka miongoni mwa waliotumia homoni mbili kwa pamoja, estrojeni na ya aina ya projesteroni. Hatari hiyo ipo, tena hukua kadiri miaka ya kutumia inavyoongezeka. Kwa mwanamke mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu kukoma hedhi, na anayeteswa na dalili, faida kwa kawaida huzidi madhara.

Sasa lipo jambo ambalo kila mwanamke anapaswa kulijua kabla ya kumeza kidonge cha kwanza. Kama kizazi chako kipo, usitumie estrojeni peke yake kwa ajili ya kutuliza joto. Estrojeni hunenepesha utando wa ndani ya kizazi, na utando huo ukiachwa unene kwa muda mrefu huweza kuwa saratani. Projesteroni ndiyo inayouzuia. Ndiyo maana kuazima dawa za dada aliyetolewa kizazi ni hatari, hata kama dalili zenu zinafanana kabisa. Vidonge vya majira navyo si mbadala wa kujichagulia dukani, kwani homoni zake kwa kawaida zina nguvu zaidi. Ambaye shida yake ni ukavu wa uke tu anaweza kupewa krimu ya estrojeni ya kiwango kidogo ya kupaka ukeni, na kwa krimu hiyo projesteroni kwa kawaida haihitajiki.

Estrojeni huja kama kidonge, jeli au plasta ya kubandika. Mwenye uzito mkubwa au aliye katika hatari ya damu kuganda aulizie jeli au plasta, kwa sababu homoni inayopita kwenye ngozi haiongezi hatari hiyo kama inavyofanya ile ya kumeza. Plasta hubandikwa chini ya kiuno au kwenye tako, kamwe si kwenye titi. Osha ngozi, ikauke kabisa, usipake mafuta, kisha ikandamize kwa kiganja kwa sekunde 10 au zaidi. Katika joto la pwani, usibandike mara tu baada ya kuoga huku mwili ukiendelea kutoa jasho. Nyingi hubadilishwa mara mbili kwa wiki, kila mara mahali papya. Projesteroni ya asili ya vidonge humezwa wakati wa kulala, maana huleta usingizi.

Anza na kiwango kidogo, na urudi kliniki baada ya miezi 3 ukiwa na daftari lako. Joto huanza kupungua ndani ya wiki chache. Matiti kuuma na matone ya damu ni kawaida mwanzoni. Damu ikiendelea kupita miezi 6, au ikianza upya baada ya kukatika, mwone daktari. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikibana ghafla, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kumbuka pia kwamba tiba hii haizuii mimba: aliyekoma hedhi kabla ya miaka 50 huendelea na uzazi wa mpango kwa miaka 2 tangu hedhi ya mwisho, na aliyekoma baada ya hapo kwa mwaka 1.