Usinunue shokapu ya umeme kabla hujapima

Taa ya saspensheni ikiwaka na gari likawa gumu kama mkokoteni, usikimbilie dukani. Zima swichi, chomoa plagi ya shokapu inayoshukiwa, weka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) upime pini za koili, ule waya uliozungushwa ndani unaobadili ugumu wa shokapu. Nyingi husoma omu chache tu, na kila gari lina namba yake, kwa hiyo pima na ya upande wa pili, ekseli ileile, ulinganishe. Mita ikionyesha OL, yaani umeme haupiti kabisa, koili imekatika, hapo nunua.

Namba za pande mbili zikifanana, ushuku waya unaotoka kwenye shokapu kwenda kwenye kompyuta. Hukunjwa kila gurudumu linapopanda na kushuka, shaba ikakatika ndani ya ganda ambalo kwa nje linang'aa. Rudisha plagi, chomoa soketi ya waya kwenye kompyuta ya saspensheni upimie hapo, mwenzio akizungusha usukani na kuutikisa waya. Namba ikirukaruka, umelipata tatizo. Chungulia na pini: ule ukijani wa kutu nimeufuta mara nyingi na taa ikazimika baada ya kufuta kosa lililohifadhiwa kwenye kompyuta kwa mashine ya kusomea makosa.

Ila usiigusishe koili na betri eti uisikie ikilia "tak". Kompyuta huipa umeme kwa kipimo. Volti 12 mfululizo zinaweza kuiunguza.