Namna ya kutoa nyimbo kwenye CD za zamani za kwaya

Kwaya nyingi hapa Moshi zina kabati lililojaa CD za video zilizorekodiwa enzi za deki. Deki zimekufa, simu hazina pa kuingiza diski, na vijana wanaojiunga sasa wanafundishwa nyimbo zile kwa kukisia. Mimi ndiye mtunza vifaa wa kwaya yetu huku Pasua, na kazi hii naifanya kwa programu mbili za bure: FFmpeg ya kutoa sauti kwenye video, na Audacity ya kukata nyimbo. Kompyuta ya kawaida inatosha. Kama haina pa kuwekea diski, azima kifaa cha nje cha kuchomeka kwenye USB.

Anza na diski yenyewe. Ioshe kwa maji ya vuguvugu na tone la sabuni ya maji, kisha ifute kwa kitambaa laini cha pamba kutoka katikati kwenda ukingoni. Usifute kwa kuzungusha, kwa sababu data imepangwa kwa mzunguko, na mkwaruzo unaofuata mzunguko huo unakula kipande kirefu mfululizo. Upande wenye maandishi nao ushike kwa adabu: kwenye CD, data iko chini kidogo tu ya rangi ile, na ikibanduka haina dawa.

Halafu nakili faili zote kwenye kompyuta kabla ya kugusa kitu kingine. Diski iliyochoka isisomwe mara kwa mara. Ukikuta folda inaitwa MPEGAV, hiyo ni VCD (CD ya video), na unachotafuta ni AVSEQ01.DAT na wenzake. Ukikuta VIDEO_TS, hiyo ni DVD, na faili zake zinaishia na VOB. Hizo hukatwa zisizidi GB 1 kila moja, ndiyo maana tamasha moja linakuwa vipande vinne au vitano. VTS_01_0.VOB ni menyu, iache. Vinavyofuata viunganishe. Kwenye Windows, fungua dirisha la kuandikia amri ndani ya folda hiyo, uandike hivi (vikizidi viwili, ongeza kila kimoja kwa alama ya +):

copy /b VTS_01_1.VOB+VTS_01_2.VOB zote.vob

Sasa, kwenye dirisha hilohilo, toa sauti kwa FFmpeg:

ffmpeg -i zote.vob -vn -c:a copy sauti.ac3

Kwa VCD, weka jina la faili ya DAT, na mwisho uandike sauti.mp2. Hapo -vn inaondoa picha, na -c:a copy inaichukua sauti kama ilivyo. Hapa ndipo naomba msiwe na haraka. Watu wengi hukimbilia MP3 moja kwa moja, wakati sauti ya VCD tayari imebanwa, kwa kawaida kilobiti 224 kwa sekunde. Ukiibana tena unapoteza mara ya pili, na faili hiyo ikishakuwa ndiyo pekee, hakuna kurudi nyuma. DVD nyingine hurekodi sauti isiyobanwa kabisa. Ukiandika ffmpeg -i zote.vob peke yake, mstari wenye neno Audio utakuonyesha. Ukisoma pcm, yaani haijabanwa, toa WAV (faili ya sauti isiyobanwa) badala ya ac3.

Kwa kukata nyimbo, tengeneza nakala ya WAV (ffmpeg -i zote.vob -vn kazi.wav). Saa moja inachukua karibu MB 690, kwa hiyo acha nafasi. Ifungue kwenye Audacity, chagua wimbo mmoja, bonyeza Ctrl na B, andika jina lake, endelea na unaofuata. Mwisho hifadhi zote kwa pamoja kwa kufuata lebo, yaani majina hayo uliyoandika. MP3 ya kilobiti 128 inafaa kwa WhatsApp: wimbo wa dakika tano hauzidi MB 5.

Kuhusu kupunguza kelele, tumia kidogo sana. Ukizidisha, sauti ya kwanza inalia kama bati na pumzi za waimbaji zinapotea. Mwalimu wetu wa zamani, ambaye ni marehemu sasa, anasikika kwenye diski moja akihesabu “moja, mbili” kabla kinanda hakijaingia. Kipande hicho sikukata, nami nakusihi usikate cha kwenu.

Faili ya asili isiyoguswa iweke sehemu mbili, kwa mtunza vifaa na kwa katibu, si kwenye flashi moja inayozunguka. Kwenye jina andika kwaya, mwaka na wimbo. Diski zenyewe zirudishe kabatini zikiwa zimesimama ndani ya makasha yake, mbali na dirisha linalopigwa na jua.