Dakota ya plastiki iliyong'aa kama bati halisi

Marehemu baba alikuwa fundi wa mabati ya ndege, na tuliishi Kipawa, karibu na uwanja. Alinifundisha kwamba alumini ya ndege haina rangi moja. Ukinunua rangi moja ya fedha ukaipuliza ndege nzima, unapata sufuria mpya.

Ninayoishughulikia sasa ni ndege ya mfano ya plastiki, Dakota, yaani DC-3, ya kipimo cha 1/72. Ndege yenyewe ina mabawa ya mita 29, kwa hiyo hii inafika sentimita 40 hivi.

Kazi kubwa iko kabla ya rangi, kwa sababu rangi ya chuma haifichi mkwaruzo hata mmoja. Piga msasa wa maji namba 1000, kisha 2000. Osha kwa sabuni ya vyombo, kausha, na tangu hapo shika kwa glavu tu: alama ya kidole ikibaki chini itaonekana juu. Puliza praima, halafu nyeusi ya kung'aa. Weusi huo ndio unaozaa mng'ao, kwani tabaka la alumini ni jembamba mno na linafuata uso uliolala chini yake. Balbu ya chumbani ikijionyesha kwenye bawa bila kupinda, umefika. Iache siku mbili.

Adui wa hapa Dar ni unyevu. Masika moja nilipuliza alfajiri, bawa zima likawa jeupe kama tui. Thina ikiruka haraka hupoza uso, na mvuke wa hewani unatua kwenye rangi mbichi. Niliimenya yote nikaanza upya. Siku hizi nasubiri saa nane mchana, jua likiwa limekausha hewa, na kwanza namwaga maji yaliyojikusanya kwenye tangi la kompresa. Fungua madirisha, vaa barakoa yenye chujio la mkaa. Ya kitambaa haizuii thina.

Natumia Alclad II, rangi ya alumini ya kupuliza, ambayo haizimuliwi. Presha iwe PSI 12 hadi 15. Pitisha mkono upesi, rangi itue kama ukungu, mara tatu au nne, na uache pale weusi unapopotea. Ukiendelea, mng'ao unafifia.

Kesho yake zungushia baadhi ya paneli, yaani vipande vya bati vinavyounda ngozi ya ndege, tepu ya karatasi, uliyoibandika kwanza kwenye kioo safi ili gundi ipungue nguvu. Tia paneli chache alumini iliyokoza kidogo. Chache kweli, usifanye bao la drafti.

Sasa lile ambalo wengi wanalikosea. Usukani wa mkiani, vibawa vya mkia vya kupandisha na kushusha pua, na vile vya kulaza ndege kwenye ncha za mabawa, kwenye Dakota vimevikwa kitambaa. Vipulize fedha iliyofifia, isiyo na mng'ao kabisa. Baba alikuwa akivigonga kwa kifundo cha kidole nisikie: bati linalia, kitambaa kinanong'ona.