Jinsi ya kuwahoji wazee wa mtaa bila kuambiwa tu "tunashukuru Mungu"

Kama mko na kikundi cha vijana ama wewe ni mwanafunzi na unataka kujua wazee wa mtaa wenu wanaishi aje, najua vile itaenda, utaprinti fomu ya kurasa nane, uingie Kariobangi hapa Nairobi Jumamosi asubuhi, umuulize shosho (nyanya) wa kwanza "unaendelea aje?" naye atakujibu "tunashukuru Mungu". Wa pili hivyo hivyo. Mimi nilirudi na fomu 23 zinazosema wazee wote wako poa, na mmoja wao alikuwa hajakula tangu jana yake, hiyo niliambiwa na jirani nikitoka getini.

Swali kama hilo ni salamu na salamu hujibiwa kwa salamu. Sasa hivi naanza na siku. Jana uliamka saa ngapi, nani alikuwa wa kwanza kuongea na wewe, ulikula nini, ulitoka nje ya ploti? Hapo mtu anasimulia mwenyewe na wewe unaandika.

Ukitaka namba, WHO (Shirika la Afya Duniani) iko na kipimo kifupi sana kinaitwa WHO-5, maswali matano kuhusu wiki mbili zilizopita: umekuwa na furaha, umekuwa umetulia, umekuwa na nguvu, umeamka ukihisi umepumzika, na siku zako zimejaa vitu unavyopenda. Kila jibu ni 0 mpaka 5, 0 ni hakuna wakati hata mmoja na 5 ni wakati wote. Jumlisha, zidisha mara 4, unapata kitu kati ya 0 na 100, na mtu akiwa chini ya 50 huyo anahitaji kuangaliwa zaidi (si kwamba ni mgonjwa, usianze kumpa majina ya magonjwa). Guka (babu) wengi hawapendi mambo ya "chagua kati ya 0 na 5" kwa hivyo beba maharagwe matano, muambie aweke mkononi mwako kadiri ya vile amejisikia. Watacheka lakini inafanya kazi, tena wengine wanarudisha moja wakifikiria vizuri.

Umri nao ni stori ingine. Katiba inasema mzee ni kuanzia miaka 60, Inua Jamii, ule mpango wa serikali wa kuwapa wazee pesa, ni 70 na ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na mwaka ulioandikwa kwa kitambulisho mara nyingi ulikisiwa na karani. Tumia matukio: wakati wa Imajensi 1952 ulikuwa unachunga mbuzi ama ulikuwa mgongoni kwa mama? Uhuru 1963 ulikuwa umeolewa? Waziri Tom Mboya akiuawa 1969 ulikuwa na watoto wangapi?

Na hiyo Inua Jamii, bana, itaje MAPEMA. Wakiona kalamu na fomu wanajua ni kuandikishwa, alafu shida zinaongezeka ama magonjwa yanafichwa kulingana na vile mtu anadhani itamsaidia. Sema wazi kabla ya swali la kwanza kwamba wewe huandikishi mtu na huna pesa, hata kama wengine watakufungia mlango.

Makaratasi: kama ni ya chuo utahitaji kibali cha maadili na leseni ya NACOSTI (tume ya serikali inayoruhusu utafiti), anza mapema. Kama ni ya kikundi tu, pitia kwa chifu na mzee wa nyumba kumi.

Ukifika, salimia kulingana na mtaa. Shikamoo inakubalika sana kwa wazee wa Majengo pale Pumwani, kwingine utaangaliwa kama mgeni wa Mombasa, "shosho habari ya asubuhi" inatosha. Usihoji mbele ya mkaza mwana wala mjukuu, maana hakuna mtu atakwambia ananyimwa chakula na huyo anayemnyima akiwa amekaa hapo. Omba mkae nje kwa jua, ama mmoja wenu awapeleke watoto dukani.

Kitu kilinichukua muda kushika ni wale HUWAONI. Sensa ya 2019 ilihesabu karibu milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi Kenya nzima, lakini Nairobi wengi wakistaafu wanarudi ushago, wanaobaki ni landilodi, wajane, waliozaliwa hapa hapa, na wale wameletwa na watoto kutibiwa. Alafu ukihoji wanaoota jua nje umehoji wanaoweza kutembea. Yule amelala kitandani ghorofa ya nne haonekani kwa data yako na wastani wako unatoka mzuri bure. Mtafute CHP wa mtaa (mhudumu wa afya wa jamii), anajua milango yote, na umlipe nauli yake.

Ukishamaliza hesabu rudi kwa wale walikuwa chini ya 50 kabla ya kuandika ripoti, na uende na huyo huyo CHP.