Feni inaunguruma lakini haizunguki: namna ya kuitengeneza mwenyewe nyumbani

Kila mwaka kusi inapotulia na joto la Novemba kuanza kupanda hapa Mtwara, feni zilizokuwa zimewekwa nyuma ya mlango tangu Juni hutolewa na kuchomekwa, na nyingi kati yake huunguruma tu bila kuzunguka, au huzunguka kwa uvivu kiasi kwamba hata pazia halitikisiki. Mwenye feni hudhani mota imeungua, akaiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu na kwenda dukani kununua nyingine. Kwa uzoefu wangu wa kutengeneza vyombo vya umeme, katika feni nyingi za namna hiyo mota ni nzima kabisa. Ama bushi (vipete vinavyoshika mhimili wa mota) zimekauka ama kapasita (kiboksi kidogo kinachoipa mota msukumo wa kuanzia) imechoka, na matatizo yote mawili hurekebishwa juu ya meza nyumbani kwa gharama ndogo mno ukilinganisha na bei ya feni mpya. Maelezo haya yanahusu feni ya kusimama na ya mezani zinazotumia umeme wa nyumbani wa volti 230. Pangaboi la darini nimeliacha, kwa kuwa kazi ya juu ya ngazi ina tahadhari zake, na feni za sola za volti 12 zina mota ya aina nyingine.

Vifaa vinavyohitajika ni bisibisi ya nyota, praizi, mswaki uliochakaa, kitambaa safi, msasa laini, mafuta ya taa kidogo, mafuta ya cherehani, grisi na tepu nyeusi ya umeme. Ukiwa na mita ya kupimia umeme, kazi itakuwa rahisi zaidi.

Hatua ya kwanza: tambua ugonjwa kabla ya kufungua

Anza kwa kujiuliza kama umeme wenyewe unatosha. Katika nyumba zilizo mwishoni mwa laini, jioni umeme huwa mdogo na feni nzima huzunguka kama mgonjwa. Ijaribu tena asubuhi au kwenye nyumba nyingine kabla ya kushika bisibisi.

Kisha ichomoe plagi kwenye soketi na uzungushe panga kwa kidole. Panga la feni yenye afya huendelea kuzunguka lenyewe mara kadhaa baada ya kusukumwa. Likisimama papo hapo, au likiwa zito kama linalopita kwenye utomvu, tatizo liko kwenye bushi. Likizunguka kwa wepesi, chomeka plagi, washa feni kwa namba ya juu, na usukume panga kwa chelewa moja ya ufagio iliyopitishwa kwenye wavu wa mbele, halafu uiondoe upesi. Feni iliyokuwa ikiunguruma tu ikaanza kuzunguka baada ya msukumo huo, shuku kapasita. Usiiache ikiunguruma kwa muda mrefu wakati wa jaribio hili, kwa sababu mota iliyosimama ikiwa na umeme ndani hupata joto haraka, na hapo ndipo koili (nyaya za shaba zilizoviringishwa ndani ya mota) iliyokuwa nzima huungua kweli.

Feni isiyotoa hata mlio ina sababu nyingine, nazo nitazieleza baadaye.

Hatua ya pili: kufungua

Hakikisha plagi imechomolewa na iko mahali unapoiona. Ondoa wavu wa mbele, kisha ufungue kifuniko cha plastiki kinachoshika mapanga. Hapa wengi huvunja kifaa: katika feni nyingi uzi wa kifuniko hicho umekatwa kinyume, hivyo hulegea kwa kuzungushwa upande ambao nati ya kawaida hukaza. Umefanywa hivyo ili mzunguko wa mapanga usikilegeze. Nati kubwa ya plastiki inayoshika wavu wa nyuma hufunguka kwa kawaida. Nyuma ya mota, fungua kwanza skrubu ya kitufe kinachoamuru feni kugeuka huku na huku, ndipo kava litoke.

Piga picha ya nyaya kwa simu kabla ya kugusa chochote.

Hatua ya tatu: bushi

Shafti ya mota, yaani mhimili wake unaozunguka, hupita katika bushi mbili, moja mbele na moja nyuma. Katika feni za kawaida bushi hizi ni za shaba iliyoshindiliwa ikabaki na vitundu vidogo sana vinavyonyonya mafuta, na kuzizunguka kuna pete ya kitambaa kinene iliyo akiba ya mafuta hayo. Feni ikikaa miezi kadhaa bila kutumika, mafuta yaliyobaki hushikana na vumbi yakawa gundi. Nywele na nyuzi za nguo nazo hujiviringisha kwenye shafti nyuma ya mapanga. Zikate kwa wembe na uzivute zote, maana wakati mwingine hizo peke yake ndizo zilizokuwa zikiikaba mota.

Jaribu njia fupi kwanza. Futa shafti, dondosha matone mawili ya mafuta ya cherehani mahali inapoingia kwenye bushi, mbele na nyuma, kisha uizungushe kwa mkono huku ukiivuta na kuisukuma kidogo. Ikilainika na kubaki laini hadi kesho yake, kazi ya bushi imekwisha. Ikirudia uzito, mota lazima ifunguliwe.

Kabla ya kuifungua, chora mstari kwa kalamu ya wino mzito kutoka kipande cha mbele cha mota hadi cha nyuma ili uvirudishe vilivyokuwa. Fungua skrubu nne ndefu, tenganisha vipande hivyo polepole, na uchomoe rota (sehemu ya mota inayozunguka) pamoja na shafti yake. Usivute nyaya za koili, kwa kuwa ni nyembamba na hukatika kirahisi. Safisha shafti kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Penye kutu pitisha msasa laini kwa kuzunguka, kamwe usipitishe kwa urefu. Safisha ndani ya bushi kwa kitambaa kilichosokotwa, acha mafuta ya taa yakauke kabisa, kisha ulowanishe bushi na pete ya kitambaa kwa mafuta ya cherehani.

Mafuta ya kupikia yasitumike hapa, kwa kuwa huganda yakarudisha tatizo lile lile. Grisi nayo huziba vitundu vya bushi. Mahali pake ni kwenye gia za plastiki zinazoigeuza feni.

Unapofunga, kaza skrubu kidogo kidogo kwa kufuata pembe zinazotazamana. Shafti ikiwa nzito baada ya kukaza, bushi hazijanyooka: legeza kidogo, gonga mwili wa mota taratibu kwa mpini wa bisibisi huku ukizungusha shafti, na utaisikia ikiachia ghafla. Kama shafti inacheza kushoto na kulia ndani ya bushi, bushi imelika, na mafuta hayatasaidia, ibadilishe.

Hatua ya nne: kapasita

Mota hii ina koili mbili, na kapasita ndiyo inayoifanya koili ya pili ipokee umeme kwa wakati tofauti kidogo na ya kwanza, jambo linalozaa msukumo wa kuanzia. Joto huipunguza nguvu mwaka hadi mwaka. Ni kiboksi cheusi chenye nyaya mbili, kwa kawaida karibu na mota au kwenye kitako cha swichi, na ubavuni kimeandikwa kipimo kama 1.5 µF (maikrofaradi) pamoja na volti 400 au 450.

Kabla ya kukishika, gusanisha ncha za nyaya zake kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki ili umeme uliobaki utoke. Kapasita iliyovimba, iliyopasuka, au ambayo mita inaisoma chini sana ya kipimo kilichoandikwa, itupwe. Nunua yenye maikrofaradi zile zile; volti zinaweza kuwa sawa au zaidi, lakini zisiwe pungufu. Kuna wanaoweka kubwa ili feni ikimbie, na matokeo yake ni koili kupata joto kupita kiasi. Haina chanya wala hasi, kwa hiyo nyaya ziunge upande wowote, ufunike kila kiungo kwa tepu.

Feni iliyo kimya kabisa

Angalia fyuzi ndani ya plagi, kisha waya mahali unapoingia kwenye kitako, ambapo hukatikia ndani ya gamba. Namba moja tu ikigoma, kagua swichi na waya wake. Vyote vikiwa vizima, huenda fyuzi ya joto iliyofichwa katika koili imekatika. Ibadilishe kwa nyingine yenye nyuzi joto zile zile, na usiiruke kwa kipande cha waya, kwani ndiyo inayokata umeme kabla mota haijawaka moto.

Kujaribu na kutunza

Izungushe kwa mkono kwanza, kisha iwashe kwa nusu saa ukiwa karibu. Mota kupata uvuguvugu ni kawaida; harufu ya kuungua si kawaida.

Kwa walio karibu na bahari, Shangani na Mikindani hasa, chumvi hula skrubu na viungo vya nyaya, hivyo futa wavu kwa maji yasiyo ya chumvi na upake skrubu grisi kidogo. Wenye mikorosho wasiihifadhi feni stoo moja na mifuko ya salfa, kwani salfa huigeuza shaba ya viungo ikawa nyeusi.

Koili ikiwa imeungua kweli, usiitupe feni. Mapanga, wavu, swichi na gia viwekee feni nyingine. Kapasita ya zamani mimi siitumii tena hata mita ikiisifu. Wavu hufaa kufunikia kitalu cha mboga kuku wasichakure, lakini usichomee samaki juu yake kwa sababu ya rangi yake. Shaba ya koili ipeleke kwa wanunuzi ikiwa na varnishi yake bila kuichoma, kwani moshi wake ni sumu.