Anza na mfongo: namna ninavyojenga dunia ya riwaya ya fantasia nikiwa Moshi

Naandika riwaya za fantasia. Ninaishi Kibosho, na mchana nina duka dogo la steshenari Moshi mjini. Vijana huja dukani kuchapa miswada yao, nami wakiniruhusu huisoma. Wengi wana kipaji, lakini karibu wote wanaanzia palepale: ngome ya mawe, joka, mfalme mwenye taji, theluji. Na theluji wanayoiandika si ile ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, wanayoiona alfajiri wakifungua mlango wa jikoni. Ni theluji waliyoiona kwenye filamu.

Mwongozo huu nauandika kwa ajili yao. Mfano nitakaoutumia ni wa mswada wangu wa mwisho, ambamo kinachotiririka mferejini si maji, ni usingizi.

Hatua ya 1: Tafuta kitu ambacho watu wenu wanagawana

Usianze na uchawi. Tafuta kwanza kitu kisichotosha, ambacho watu wamelazimika kukitungia utaratibu.

Kwetu ni mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba. Wachagga walichimba mifereji hii kabla ya Wajerumani kufika. Inachota maji kwenye mito iliyo ndani ya makorongo, inazunguka ubavu wa kilima, kisha inayashusha kwenye vihamba, mashamba ya nyumbani ya migomba na kahawa. Kila mfongo una watu wake na wazee wake. Kuna zamu za maji. Kuna siku ya kuusafisha, na asiyetokea hutozwa, zamani mara nyingi kwa mbege, pombe yetu ya ndizi. Kwa sura ni mfereji wa udongo tu, lakini ukiufuata kutoka banio, pale maji yanapochepushwa mtoni, hadi shamba la mwisho utakuta ndani yake sheria, siasa, ndoa na ugomvi wa ndugu.

Niliufuata mmoja kwa siku mbili na mzee wa jirani yetu. Nilibeba kaunta buku na sikuandika hata sentensi moja ya kubuni. Niliuliza tu. Nani anafungua maji kwanza asubuhi? Shamba la chini kabisa linapata maji saa ngapi? Mjane asiye na kijana wa kushika jembe siku ya kusafisha anafanyaje? Zamu inaweza kurithiwa? Kuazimwa?

Swali lililonipa kitabu ni hili: "Babu, mwizi wa maji mnamjuaje, na anaiba usiku?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la wazi. "Udongo, mwanangu. Asubuhi unapita, unaona shamba limelowa na zamu si yake. Udongo hausemi uongo."

Nililiandika jibu hilo na kulipigia mstari mara tatu. Wewe nawe endelea kuuliza mpaka upate jibu la namna hiyo, jibu dogo, la mkononi, ambalo usingeweza kulitunga ukiwa umekaa mezani. Kama huishi mlimani, usihangaike na mfongo. Foleni ya ndoo bombani ina sheria zake, na kikoba cha kina mama wa mtaani kina sheria kali kuliko za ufalme wowote.

Hatua ya 2: Badili kitu kimoja tu

Sasa chukua utaratibu huo kama ulivyo, ubadili kitu kimoja. Mimi nilitoa maji nikaweka usingizi. Zamu zikabaki, wazee wakabaki, siku ya kusafisha na faini zikabaki. Baada ya hapo kazi yangu ilikuwa kuyapitia majibu ya mzee moja baada ya jingine na kuuliza: hapa sasa itakuwaje?

Usingizi unatoka kwenye chemchemi msituni na kushuka nyumba kwa nyumba. Nyumba za juu hulala jua likizama. Za chini kabisa husubiri hadi karibu na mapambazuko, kwa hiyo watoto wa huko chini hujifunza kuhesabu nyota kabla hawajajua kuhesabu vidole. Mjane asiye na nguvu kazi huweka zamu yake rehani, na mwaka wa njaa kuna wanaokaa macho siku nyingi hadi wanaanza kuzungumza na migomba. Lazima awepo mlinzi wa banio, na mlinzi huyo halali usingizi. Huyo ndiye mhusika wangu mkuu, binti wa miaka 15. Sikumtafuta. Utaratibu wenyewe ulimdai.

Na udongo uliolowa? Mwizi wa usingizi hujulikanaje? Hapa nilikaa wiki nzima. Jibu lililokuja ni kwamba anayelala usingizi wa jirani huota ndoto za jirani. Asubuhi anakunywa chai, anataja jina la mtu ambaye yeye hamjui, na mkewe anashtuka.

Angalia kwamba sikuongeza uchawi wa pili. Katika mswada wangu wa kwanza, miaka mingi iliyopita, niliweka kila kitu: pete, mizimu, wanyama wanaosema, milango ya siri. Msomaji wangu wa kwanza aliishia sura ya 3 kwa sababu hakuna kilichomshangaza tena. Kitu kimoja kikibadilika, kila badiliko dogo linalokifuata humshtua msomaji.

Wazee wetu waliijua njia hii. Chukua ile hadithi ya Kibo na Mawenzi, vilele viwili vya Kilimanjaro. Mawenzi moto wake unazima, anakwenda kwa Kibo kuomba kaa la moto. Anapewa, na chakula juu. Anarudi tena, na tena, hadi Kibo anachoka na kumpiga kwa mchi, ndiyo maana Mawenzi hadi leo amechongoka vile. Kilichobadilishwa ni kimoja: majirani ni milima. Mengine yote, kuomba moto, kukaribisha, kuchoshwa na mtu asiyejua kiasi, ni mambo ya kila kihamba.

Hatua ya 3: Uupe uwezo wako bei, na mahali pa kuchomwa

Shujaa asiyeweza kudhurika hana hadithi. Mwalimu wangu katika hili ni Fumo Liongo, shujaa wa masimulizi ya pwani. Ni mwenye nguvu kiasi kwamba silaha hazimwui, lakini kuna kitu kimoja: sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Umeona udogo wake? Mapokeo hayakuchagua upanga wala sumu. Yalichagua sindano, kitu cha mshonaji, na mahali alipoungana na mama yake. Kisha anayekuja kuichoma ni mwanawe mwenyewe, aliyerubuniwa kwa ahadi ya kuoa binti wa mfalme. Hata baada ya kuchomwa, Liongo anakwenda kisimani, anapiga goti, anavuta upinde, na kufia hapo, na watu wanakosa maji kwa kuogopa maiti wakidhani yu hai.

Fanya hivi. Andika kwenye karatasi moja majibu ya maswali matatu: uwezo huu unamgharimu nini anayeutumia, nani analipa asipolipa yeye, na kitu gani kidogo cha nyumbani kinaweza kuuzima. Swali la pili ndilo linaloleta machozi. Kwangu, mwizi wa usingizi halipi mwenyewe. Anayelipa ni mtoto wa nyumba ya mwisho kule chini. Karatasi hiyo ibandike ukutani, na ukifika sura ya 20 ukashawishika kumwokoa mhusika kwa uwezo mpya, isome kabla hujaandika.

Hatua ya 4: Tumia ngeli

Hapa ndipo mwandishi wa Kiswahili ana hazina ambayo naona tunaiacha chini.

Sarufi yetu hulazimika kuamua, katika kila sentensi, kama kitu kina uhai au hakina. Sasa sikiliza methali: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Zimwi linakujua, linakula, lina akili, lakini hatukulipatia "a-" ya mtu na mnyama. Limebaki na "li-", kama jiwe, kama jino. Nadhani nusu ya hofu yake iko kwenye herufi hizo mbili.

Mimi niliigeuza njia hiyo. Sura 11 za kwanza naandika "usingizi umefika", "usingizi umechelewa", kama kila mtu. Katika sura ya 12 binti yule amesimama kwenye banio usiku wa manane, peke yake, na kwa mara ya kwanza anasema: "Usingizi amefika." Sikuongeza maelezo. Sikuandika kwamba aliona umbo wala macho gizani. Upatanisho wenyewe umebadilika, na msomaji anajua kuna mtu pale.

Kabla hujatunga jina lolote la kiumbe, kiamulie ngeli. Kisha jaribu kukikuza na kukidunisha: mtu, jitu, kijitu. Maneno haya matatu yanaweza kuwa mataifa matatu tofauti, na msomaji atayaelewa bila kufundishwa. Majina ya herufi za ajabu zilizofungamana na alama za ritifaa (') sikushauri. Hayatamkiki, na kisichotamkika hakisimuliki.

Hatua ya 5: Ramani

Kwa ufupi. Mlima hukupa ramani iliyosimama wima, itumie. Mji wa Moshi uko chini ya mita 1,000, kilele cha Kibo ni mita 5,895, na kila ukipanda mita 1,000 baridi huongezeka kwa takribani nyuzi 6. Vihamba, msitu wa mvua, vichaka, jangwa la mawe, barafu: nchi tano katika safari moja. Umbali upime kwa saa, usiupime kwa kilomita. Kutoka lango la Marangu hadi kambi ya Mandara ni kama kilomita 8, lakini unapanda zaidi ya mita 700, na mhusika mwenye mtoto mgongoni hatakwenda kama mhusika mwenye fimbo.

Jambo moja katika ramani na historia: si kila kilichoko hapa ni chako kukipamba. Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa hapo, alinyongwa na Wajerumani Old Moshi mwaka 1900, na ukoo wake umetafuta fuvu lake kwa miaka mingi. Huo ni msiba wa watu walio hai. Sijautia kwenye fantasia na sitautia. Hata isale, jani la kuombea msamaha, nililiingiza baada tu ya kukaa na wazee na kuuliza linashikwa vipi na linakataliwa lini.

Hatua ya 6: Andika rasimu kabla watu hawajaamka

Naamka saa kumi na moja alfajiri. Maneno 400, siku tano kwa wiki. Hayo ni maneno 2,000 kwa wiki, na wiki 30 hukupa 60,000, yaani riwaya. Naandika kwa mkono kwanza, umeme ukikatika kazi haisimami, na Jumamosi naingiza kwenye kompyuta dukani. Mwezi wa Juni na Julai, ukungu ukishuka hadi mlangoni, najifunga blanketi. Nisipojua kinachofuata, narudi kwenye majibu ya mzee wa mfongo na kuchagua moja ambalo sijalitumia.

Hatua ya 7: Isome kwa sauti mbele ya mtu anayefanya kazi

Msomaji aliyekaa kitako kukusikiliza atakustahi. Anayemenya ndizi hana muda huo. Mimi humsomea shangazi yangu akiandaa mtori. Naanza na "Paukwa!", naye hujibu "Pakawa!" bila kuinua macho. Kisha naiangalia mikono yake. Kisu kikiendelea kwa kasi ileile kurasa tatu, kurasa hizo naziwekea alama. Kikisimama, naweka alama nyingine.

Nilipomsomea sura ya 12, kisu kilisimama kwenye "amefika". Lakini mwisho wa sura aliuliza, "Mama, huyo binti halali, sawa. Sasa anakula saa ngapi, na nani anampikia?"

Sikuwa na jibu. Nchi nzima ilikuwa imelala, na mtoto wa miaka 15 alikuwa macho miaka mitatu bila mtu wa kumpelekea chakula. Nilirudi sura ya 2 nikaanza kumtafuta mtu huyo, na nikamkuta kwenye nyumba ya mwisho kule chini, kwa yule mjane aliyeweka zamu yake rehani. Kwa kuwa mjane huyo naye halali usingizi, ndiye pekee aliye macho wa kupika.