Kumkinga Mtoto dhidi ya Mionzi Isiyo ya Lazima Anapotibiwa kwa Kuongozwa na Eksirei

Matibabu kadhaa ambayo zamani yalihitaji kupasua kifua leo hufanyika kwa katheta, yaani mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa paja, huku daktari akiufuatilia kwenye skrini kwa picha za eksirei zinazoonyesha kila unaposogea. Watoto wanaopewa rufaa kuja Dodoma kutoka Kondoa, Mpwapwa, Manyoni na kwingineko wanaweza kuhitaji tiba ya namna hii, hasa wenye tundu kwenye moyo au wale ambao mshipa uliopaswa kujifunga baada ya kuzaliwa umebaki wazi. Seli za mtoto hugawanyika kwa kasi, na miaka iliyo mbele yake ni mingi, hivyo saratani inayotokana na mionzi ina muda mrefu wa kujitokeza. Mwongozo huu ni kwa madaktari, wauguzi na wataalamu wa mionzi wanaomhudumia, na msimamo wangu ni kwamba sehemu kubwa ya dozi huamuliwa kabla mguu wa daktari haujagusa pedeli inayowasha mionzi.

Anzeni na makaratasi ya rufaa. Muulizeni mzazi kwa upole: “Mama, mtoto huyu alishawahi kupigwa picha kama hizi hospitali nyingine? Picha zenyewe mmekuja nazo?” Mara nyingi mtoto hupigwa picha upya kwa sababu tu zile za kwanza zimebaki alikotoka, na simu moja kwa hospitali hiyo inaweza kumwepusha na mionzi isiyo na sababu. Jiulizeni pia kama ultrasaundi inatosha. Utumbo uliojiingiza ndani ya utumbo mwenzake, kwa mfano, unaweza kurudishwa kwa maji ya chumvi yanayoingizwa kupitia njia ya haja kubwa huku ultrasaundi ikiongoza, bila eksirei yoyote.

Ikithibitika kwamba eksirei ni lazima, mtambo ndio unaodai umakini mkubwa kuliko yote, kwa kuwa mara nyingi huwa umepangwa kwa ajili ya mtu mzima. Chagueni programu ya watoto kwa kufuata uzito, wala si umri, kwa sababu mtoto mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kuwa mdogo sana kuliko wenzake wa rika lake. Punguzeni mapigo ya mwale hadi 7.5 kwa sekunde au chini ya hapo, ilimradi daktari bado anaiona katheta vizuri. Ukitoka mapigo 30 kwa sekunde hadi 7.5, dozi hushuka sana, ingawa haishuki hadi robo kamili, kwani mtambo huongeza nguvu ya kila pigo ili picha isififie. Kwa mtoto aliye chini ya kilo 20 ondoeni gridi inayochuja mionzi iliyotawanyika, maana mwili mdogo hutawanya mionzi kidogo na gridi hiyo hulazimisha dozi kupanda pasipo faida kubwa. Ongezeni vichujio vya shaba kwenye tyubu inayotoa mionzi. Kurekodi kufanyike pale tu rekodi inapohitajika kwa uamuzi wa tiba, kwa kuwa fremu moja ya kurekodi inaweza kubeba mionzi mara kumi au zaidi ya fremu ya kawaida, na picha ya mwisho iliyobaki kwenye skrini mara nyingi hujibu swali lililopo.

Mlazeni mtoto mbali na tyubu kadiri meza inavyoruhusu, kisha shusheni kipokezi cha picha hadi kikaribie kifua chake. Baneni mwale ubaki kwenye eneo la kazi peke yake, bila kufika kwenye tezi ya shingo, macho wala sehemu za uzazi. Kuza picha kwa kusogeza macho au skrini kabla ya kutumia kitufe cha mtambo, ambacho kwa kawaida hupandisha dozi. Angalieni mikono ya mtoto: akiwa amelala usingizi wa dawa, mkono huteleza taratibu hadi chini ya mwale, hasa mtambo unapopiga kutoka ubavuni. Kipande cha risasi, yaani metali nzito inayozuia mionzi, nacho kisiwekwe ndani ya mwale, kwani mtambo utakiona kama mwili mnene na kuongeza mionzi papo hapo.

Wahudumu wavae aproni ya risasi na kinga ya shingo, na kila mmoja awe na kipimo chake cha mionzi, kama inavyotakiwa chini ya usimamizi wa Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Mzazi akilazimika kumshika mtoto, avae aproni na asiwe mjamzito.

Mtu mmoja apewe kazi ya kutaja kwa sauti muda wa mionzi na dozi iliyofikiwa wakati tiba ikiendelea, ili daktari asishtukizwe mwishoni. Tiba ikiisha, andikeni kwenye faili uzito wa mtoto, dozi iliyosomwa kwenye mtambo pamoja na kipimo cha dozi kwa eneo (dozi ikizidishwa kwa ukubwa wa eneo la mwale), si dakika peke yake, kwa sababu dakika hazisemi mwale ulikuwa mkali kiasi gani. Mpeni mzazi nakala ya maandishi hayo pamoja na picha, na mwelekezeni azibebe kila aendapo kliniki, hata kama ni zahanati ya kijijini kwake.